Nusu ya Somo Niliyobaki Nayo

Wenzangu mnaobaki idarani, siku ile mlinipa saa ya ukutani na hotuba tatu, halafu mkaniomba niandike machache kuhusu kazi yetu. Saa inakwenda vizuri, inatangulia dakika nne tu. Hotuba nimezisahau, mnisamehe. Hili la kuandika nimelichelewesha kwa makusudi, maana nilijua nikianza nitafika mahali fulani, na mahali hapo sikutaka kupafikia. Sasa nimeamua, liwalo na liwe. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Bwiza. Baba yangu, Mzee Athumani, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka, na wateja wake walikuwa watu wote: Waislamu kwa kanzu za Idi, Wakristo kwa suti za harusi na nguo za komunyo. Alikuwa na zoea moja. Kabla mteja hajaivaa nguo, Baba aliigeuza ndani nje, akamwonyesha bitana na mishono. "Kwa nje kila mutu anaweza," alisema. "Ukitaka kumujua fundi, angalia ndani." Asubuhi nilikwenda madrasa, halafu shule ya mapadri, mchana nikarudi barazani kuokota vipande vya kitambaa. Kwa hiyo nilipofika miaka kumi nilikuwa nimeshawasikia watu wawili wazima, wote wapole, wote wanaopenda watoto, wakiniambia kwa uhakika uleule mambo yasiyoweza kuwa kweli yote mawili. Nikamwuliza Baba nani kati yao anasema kweli. Alikuwa na pini sita mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, ndipo akasema, "We mutoto, unataka nimeze pini?"

Hilo ndilo jibu la kwanza nililopata katika fani hii yetu ya falsafa ya dini, na nimewahi kusikia mabaya zaidi kwenye makongamano.

Watu wa mtaani kwetu hawakuielewa kazi yangu, na siwalaumu. Jirani yangu fundi wa magari aliniuliza miaka mingi, "Kumbe unafundisha dini?" Nikasema apana. "Basi unafundisha watu waache dini?" Nikasema apana pia. "Sasa asubuhi unaendaka wapi?" Nilimweleza hivi, na ninyi mkiulizwa semeni hivi: muumini anasema Mungu yupo, ni mwema, anasikia. Sisi hatumwombei wala hatumkatazi kuomba. Tunakaa naye tunamwuliza, una sababu gani, na ukisema hivyo ni lazima useme na nini kingine, na jambo gani linakukwama kooni. Jirani alifuta mikono kwa kitambaa akasema hiyo si kazi, hiyo ni kutafuta ugomvi. Alikuwa karibu na ukweli.

Siku yangu ya kwanza darasani nilikuwa msaidizi wa Padri Gaspari, mzee mfupi, mkavu, aliyekuwa na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Baba alikuwa amenishonea koti la kijivu, na alinipima mara tatu kwa furaha yake. Nikaingia odituari, ule ukumbi wa mihadhara, nikawaangusha kwa hoja wanaomkana Mungu kwa dakika arobaini. Niliwachapa nikawagaragaza. Wanafunzi wakapiga makofi. Padri alikaa safu ya mwisho, mikono mapajani, hakupiga.

Kule nje akaniambia, "Ramadhani, yule uliyepigana naye leo alikuwa mgonjwa. Umemutoa kitandani ukamupiga."

Nikafungua vifungo vya koti. Akaendelea.

"Kesho urudi humo ndani umutetee. Umutetee vizuri mpaka mi mwenyewe nitetemeke na rozari mufukoni. Halafu ndiyo umujibu, saa ileile, kabla hawajatoka. Mwanafunzi asitoke mulangoni na nusu."

Hapo ndipo nilipopewa kazi, mengine yalikuwa makaratasi. Sheria zake zilikuwa tatu tu. Ya kwanza, kila rai uiseme kwa namna ambayo mwenyewe akipita dirishani atasimama aseme, naam, huyo ni mimi. Ya pili, usiwaache na nusu. Ya tatu, usiwaambie kamwe unachoamini wewe, maana wataandika hicho kwenye mtihani, wala hawatafikiri tena. Yeye mwenyewe, ili wanafunzi wajue anasema kwa niaba ya nani, alihama kiti: kiti cha kulia cha anayeamini, cha kushoto cha anayekana. Mimi nilikuwa na koti. Nikilivaa nasema kwa mdomo wa anayeamini. Nikilivua na kulitundika kwenye msumari ulio kando ya ubao, nasema kwa mdomo wa anayekana. Mara nilianza nalo nikamaliza bila, mara kinyume. Wanafunzi wakawa na msemo wao, "Leo koti iko kwenye musumari," na waliokuwa wakisinzia waliamka.

Vifaa vya kazi havikuwa vingi. Chaki, kitambaa kibichi, na kadi zangu za hoja ambazo nilizipanga kwenye katoni ya sabuni. Mwaka mmoja mchwa waliingia katonini wakala hoja nzima ya chanzo cha kwanza, wakaiacha ile ya utaratibu wa ulimwengu, sijui kwa nini. Niliandika upya. Somo la kwanza la mwaka sikutumia hata kadi. Niliwauliza majina yao tu. Mmoja anasimama anaitwa Hakizimana, Mungu ndiye anayeponya. Mwingine Sindayigaya, simlaumu Yeye. Nikawauliza, hebu tuambie, mzazi wako alikuwa anabishana na nani siku hiyo? Darasa linacheka, halafu linanyamaza, maana mtu haambii watu kwamba hamlaumu Mungu kama hajapatwa na jambo la kumlaumia. Wazazi wao, wengi wao hawajui kusoma, walikuwa wameshaanza somo kabla yangu.

Miaka ya vita nilifanya kosa moja ambalo nataka mlisikie. Tulikuwa tumefika kwenye somo la ubaya: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, kwa nini mabaya yapo? Mimi, mjinga, nikasema, "Nani atupe mfano?" Odituari nzima ikatazama madaftari. Walikuwa wamekaa kwa mafungu, kila fungu na mtaa wake. Msichana mmoja akatoka nje na hakurudi siku hiyo. Padri Gaspari alikuwa ameshastaafu, anakaa Kibenga, nikamwendea na aibu yangu. Akanimiminia chai. "Usiombe mifano," akasema. "Hapa kwetu mifano ina ndugu zake." Tangu hapo nilitumia mfano mmoja wa kubuni, wa baba na mtoto na ndoo ya maji, na mfano huo ndio ulionifikisha ninakokwenda.

Padri alikufa akiwa amekaa kwenye kiti chake. Siku ya mazishi mtu aliniuliza kama kiti kilikuwa cha kulia au cha kushoto. Nililia kama mtoto, nasema wazi.

Sasa nifike pale.

Miaka michache kabla ya kustaafu, mke wangu Zaituni alifariki. Aliumwa muda mrefu na aliumwa vibaya, na sitaeleza zaidi. Tulifanya arobaini, watu wakala, wakaondoka, na Alhamisi iliyofuata ratiba ilisema somo la ubaya. Nikaenda. Kulikuwa na joto lile la kabla ya mvua, umeme umekatika, mapanga ya feni yamesimama. Koti halikupigwa pasi, kwa kuwa Zaituni ndiye aliyekuwa akilipiga pasi ya makaa miaka yote ile, basi nikaingia nalo mkononi, nikalitundika moja kwa moja. Nikasema kwa upande wa anayekana. Nikawapa ule mfano: baba amesimama, ana ndoo ya maji mkononi, mtoto wake anaungua mbele yake, analia anamwita kwa jina. Baba hamwagi maji. Ukimwuliza, anasema ana sababu zake. Nikawauliza wanafunzi, huyu baba, baada ya hapo, mtamwita mwema kwa maana gani ya neno hilo?

Kisha delege, yaani kiranja wa darasa, akainua mkono, akasema mjini hakuna esansi ya magari, bisi ya kuwarudisha wanafunzi iliyopo ni moja na inaondoka. Nikasema nendeni. Juma lililofuata odituari ilipewa watu wengine kwa mitihani, halafu likizo ikaingia, halafu mwaka ukaisha. Jibu lilikuwa kwenye silabisi, kile kijitabu cha somo, kurasa kumi nzima, nikawaambia wasome wenyewe. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Joto, umeme, pasi, esansi. Ndivyo nilivyojieleza mwenyewe, na nilijieleza hivyo miaka.

Safu ya mbele kulikuwa na kijana mmoja, Onesimo, wa kule Gasenyi. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Alikuwa mwimbaji wa korali ya kanisa lao, na aliandika kwa kalamu mbili, ya bluu kwa koti lililovaliwa, nyekundu kwa koti lililotundikwa. Alifaulu vizuri, akaondoka, akawa mwalimu wa sekondari. Kwamba aliacha korali mwezi uleule wa somo lile, mimi sikujua. Hatuulizi wanafunzi mambo hayo. Tunajivunia kutouliza.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikuwa napanga vitabu kwenye makatoni. Mlango ukagongwa, akaingia mama mmoja mnene, kitenge cheusi, kilemba cheusi, viatu vya plastiki. Hakukaa nilipompa kiti. Alizungusha macho ofisini mpaka yakaona koti langu kwenye msumari wa nyuma ya mlango, akalitazama kwa muda.

"Ni hiyo?" akauliza.

"Ni nini, mama?"

"Koti. Mi niko mama Onesimo. Nimekuja kuiona hiyo koti."

Nikamwomba tena akae, na safari hii akakaa. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyerudia maneno njiani. Mume wake amefariki, mwaka sasa unakaribia, na ukoo umepanga siku ya kuganduka, kuondoa msiba. Mnajua kwetu mambo hayo. Watu wanakutana, marehemu anasemewa kwa mara ya mwisho, na mjane anafunguliwa kutoka kwenye weusi wake. Katika ukoo wao mwenye kusimama ni mtoto mkubwa wa kiume. Yeye ndiye anayemsema baba, yaani kusimulia maisha yake, ndiye anayeomba kwa Mungu mbele ya wote, ndiye anayemwambia mama, umefunguliwa.

"Baba yake alisema pale hospitali, Onesimo ndiye ataniombea. Mutoto alikuwa hapo, alisikia. Sasa anakataa. Anasemaka, 'Mama, baba nitamusema, lakini kuomba apana, mi siwezi kudanganya watu mbele ya jina la baba.' Baba yake mudogo anataka kusimama yeye. Mi nimekataa. Nitabaki na hii nguo mpaka nizikwe nayo."

"Pole sana, mama."

"Ngoja. Nikamuuliza, nani alikufundisha hivyo? Akaniambia, Profeseri Ramadhani, siku ile alitundika koti na hakuivaa tena." Akanitazama. "We uko Mwislamu, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Unaswali?"

"Naswali."

"Sasa Mungu ya mutoto wangu ulimupeleka wapi?"

Wallahi, nimesimama mbele ya majopo ya maprofesa wenye ndevu mpaka kifuani, hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikafanya alichofanya Baba na pini zake: nikachelewesha. Nikamwambia kwamba lile lilikuwa nusu tu ya somo, kwamba kulikuwa na matatizo ya esansi, kwamba nusu ya pili imeandikwa kwenye silabisi na mtoto wake anayo.

"Mi nauza ndagala," akasema. "Mutu akija kwa kilo, nikimupa nusu, siwezi kumuambia nusu ingine iko kwenye karatasi."

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki. Lakini mwenye kuyamwaga anapanguza." Akainuka. "Ni Jumamosi ya juma lijalo. Uje na hiyo nusu ingine." Alipofika mlangoni aligusa mkono wa koti kwa vidole viwili, kama anapima kitambaa, akatoka.

Nilikwenda Gasenyi siku tatu baadaye, na katoni yangu ya sabuni. Nilimkuta Onesimo uani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alisimama akanipokea kwa mikono miwili, akaniletea kiti na maji. Jua lilikuwa kali, nami nikavaa koti, mzee mzima, nikaanza. Nilimpa nusu ya pili yote: kwamba huenda uhuru hauwezi kuwepo bila hatari, kwamba sisi tunaona pini na Yeye anaona nguo nzima, kwamba hata kuuona ubaya kuwa ubaya kunahitaji kipimo kinachotoka mahali. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kadi. Aliniacha nimalize kwa heshima zote.

"Mwalimu," akasema, "hayo nayajua. Niliyasoma mara tatu. Na kila moja naweza kulijibu, naye anayenijibu naweza kumujibu. Ulitufundisha vizuri. Mi sikuacha kuamini kwa sababu ya hoja."

"Basi kwa sababu ya nini?"

Alifunga kalamu. "Siku zingine ukivua koti, tuliona Mwalimu anamuvaa mutu mwingine. Ulikuwa unafurahi, hata. Siku ile hukumuvaa mutu. Uliposema ya baba mwenye ndoo, ulishika meza kwa mikono yote miwili. Mi nilikuwa mbele, niliona. Nikajiambia, leo ndiyo huyu mutu anasema yake. Miaka yote anatuficha, leo imemutoka. Na kama mutu anayejua hoja zote za duniani, mwisho wake amefika hapo, mi ni nani?"

Ndugu zangu, nilitaka kumwambia kwamba amekosea. Sheria ya tatu ya Padri ilikuwa mdomoni tayari. Lakini nikakumbuka bitana za Baba.

Nikavua koti, nikaliweka juu ya katoni, nikamwambia kweli. Nilimwambia kwamba siku ile ya somo koti lilikuwa limepigwa pasi. Nilikuwa nimelipiga mwenyewe asubuhi ile, vibaya, nikaunguza kidogo upindo. Nilimwambia kwamba delege aliposema ya bisi, zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano za somo, na bisi ilikuwa inasubiri getini, dereva anakula mahindi, niliiona kwa dirisha. Nilitazama ule msumari nikashindwa kunyoosha mkono. Mke wangu, katika maumivu yake, aliniita kwa jina siku kumi na moja. Kurasa zangu kumi nilikuwa nazikumbuka kwa moyo, na hakuna hata mstari mmoja ambao ningeweza kuusema kwa sauti bila kuona haya mbele yake. Ndipo nikasema nendeni. Niliwatoa mlangoni na nusu kwa sababu nusu nyingine sikuwa nayo.

Onesimo alipanga upya madaftari yake. Kuku walikuwa wanaparua chini ya meza yake.

"Na kesho yake?" akauliza mwishoni.

"Kesho yake alfajiri nilitawadha nikaswali."

"Ulikuwa umepata jibu?"

"Apana."

"Sasa uliswali ya nini?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa na hasira, na hasira ile sikuwa na mwingine wa kumpelekea. Nilimwambia yote niliyowaambia ninyi, ya ndoo na ya mtoto. Nikasujudu nikiwa namgombeza."

"Mpaka leo?"

"Hasira imepungua. Jibu bado sina. Naswali nikiwa sina."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo kama mtu anayetazama mtu, si mwalimu. "Hiyo haikuwa kwenye silabisi," akasema.

"Haikuwamo. Niliona haya."

Hakuniahidi lolote. Alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea katoni, tukaagana. Mama yake alikuwa sokoni, sikumwona. Nilirudi Bwiza nikijua kwamba nimevunja sheria ya tatu niliyoishika maisha yangu yote ya kazi, na kwamba huenda nimeivunja bure.

Jumamosi nilikwenda. Walikuwa wamefunga turubai uani, viti vya kukodi, kreti za vinywaji, mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake kwa wazee. Mama Onesimo alikaa mbele katika weusi wake, mikono mapajani. Baba mdogo, mtu mrefu mwenye suti, alikaa ukingoni mwa kiti chake, tayari kuinuka. Alikuwa ameshika karatasi ya sala iliyokunjwa. Kila mtu pale alijua kuna jambo, na kila mtu aliongea habari za mvua.

Mwenye kuongoza shughuli akamwita mtoto mkubwa. Onesimo akasimama. Alimsema baba yake vizuri sana. Alisema namna alivyokuwa akizima lori mbali na nyumba asiwaamshe watoto, akaja kwa miguu, viatu mkononi. Watu walicheka, wengine wakajifuta macho. Kisha sifa zikaisha. Hapo ndipo mahali pa sala. Baba mdogo akafungua karatasi yake, miguu imeshajikusanya.

Onesimo akatazama chini, akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mungu. Mi sikujui. Nilikujua, sasa sikujui, na hawa wote ni mashahidi kwamba sikuja kudanganya. Baba alikujua. Alisema nikuombe, ndiyo naomba. Kama uko, mupokee baba. Na kama ulikuwa na maji mukononi siku zile za hospitali, iko siku utanieleza. Mama huyu hapa. Anakuita kila asubuhi, mi namusikia. Mufungulie." Akageuka. "Mama, umefunguliwa. Baba ameenda. Vua hiyo nguo."

Jamani. Niliona mwinjilisti wao amefungua mdomo na hajui aufunge vipi. Baba mdogo alikuwa amesimama nusu, karatasi mkononi, anamtazama shemeji yake aseme kama hiyo ni sala au si sala. Nami nikamtazama mama huyo, maana kama angetikisa kichwa, kijana angekuwa ameharibikiwa mbele ya ukoo wake wote, na mimi ndiye niliyemharibia mara mbili.

Mama Onesimo alisema, "Amina." Peke yake, kwa sauti ya sokoni. Ndipo turubai zima likasema amina, na baba mdogo akakaa.

Wanawake walimwingiza mama ndani, akatoka na kitenge cha njano na kijani, uso umeoshwa. Watu wakaanza kunywa na kuongea kwa nguvu. Onesimo alikuwa amezungukwa na shangazi zake, mmoja anamfokea, mwingine amemshika shingo analia. Baadaye mama yake alinijia pale pembeni na chupa ya soda na sahani ya ndagala za kukaanga, akaviweka magotini kwangu.

"Koti iko wapi?" akauliza.

"Nimeiacha nyumbani, mama."

"Umefanya vizuri. Kuna joto." Akavuta kiti akakaa karibu yangu, akamtazama mtoto wake kwa muda. "Umeniletea nusu, Profeseri."

"Ndiyo, mama. Nusu nyingine sina. Nimeitafuta, sina."

"Najua," akasema, akanisogezea sahani. "Ingine iko kwangu, ile ya kila asubuhi. Kula."